Birika la Marehemu

Mume wa Shangazi ndiye aliyeunganisha wali, maharage na chai kwa bei moja hotelini mwao. Wali ulivuta watu, chai ikaleta faida, maana majani machache hutosha birika zima. Chai aliipika mwenyewe, yenye tangawizi ya kukwaruza koo. Tulipomzika, Shangazi hakuthubutu kulishika birika lake. Aliuza wali na maharage tu. Wateja wakapungua, kodi ikachelewa, na mwenye nyumba akaanza kutafuta mpangaji mwingine.

Mchana mmoja fundi viatu, mteja wa siku zote, alicheka. "Mama, leo umetukumbuka! Lakini kwa tangawizi hii utatutoboa koo."

"Chai ipi, baba? Acha utani."

Fundi alimsogezea kikombe cha chai kinachofuka mvuke. Shangazi alionja tangawizi ile ile ya mumewe, akakimbilia jikoni. Hapakuwa na mtu, na birika lilikuwa kavu, limejaa vumbi.

"Ee Mola, mpumzishe," alinong'ona. Akaliosha, akawasha moto, akatwanga tangawizi. Nyuma yake kiti cha mumewe kililia, kama mtu anayeketi.

Hakugeuka. "Kaa tu, mume wangu," alisema. "Kuanzia leo napika mimi."