Mama Mkwe Hapiti Kivukoni

Kibao cha barabarani kimeandikwa KIVUKO CHA RELI kwa herufi nyeupe, lakini ukimuuliza mtu wa upande ule wa Kibos kivuko kiko wapi, atakushangaa. Wao husema "getini", na geti lenyewe halijawahi kuwapo. Aliyepo ni Simiyu, bendera nyekundu mkono huu, ya kijani mkono ule, na filimbi mdomoni. Reli ilikuwa imelala miaka, mpaka watu wakaanika dagaa wa omena juu yake. Treni za mizigo zilipoanza tena kupita, yeye ndiye aliyepewa kazi ya kuwaambia watu wasimame. Na watu wa Kisumu, jamani, hawapendi kuambiwa wasimame.

"Mzee, treni bado iko mbali. Wacha nipite," mwendesha boda humwambia, na kabla hajajibiwa ameshapita. Hao Simiyu amewazoea. Aliyekuwa akimkosesha usingizi ni mama mkwe wake.

Nasipwondi, mama wa mkewe Elsie, alihamia Kisumu baada ya kufiwa na mumewe, akapanga chumba ng'ambo ya reli. Kila asubuhi alivuka na kikapu cha mboga za mrenda kichwani kwenda kuuza soko la Kibuye. Sasa, hawa ni Wabukusu waliolelewa wakaleleka. Mkwe na mama mkwe hawapeani mkono, hawaketi meza moja, na wakikutana njiani mmoja hujitoa kando akatazama pengine. Kwa hiyo mama, akijua ni nani anayesimama kivukoni, aliona heri ajipitie kichochoro cha nyuma ya vibanda, mahali ambapo treni huioni mpaka ikufikie. Na akifika hapo huvuta leso usoni, asije akamwona mkwe kwa bahati mbaya.

Heshima gani hiyo ya kumuua mtu? Simiyu alimtuma mkewe mara nyingi. "Mwambie mama apite kwangu. Nitageuka, sitamtazama."

Elsie hurudi na jibu lile lile. "Anasema hawezi kukuaibisha kazini kwako."

Asubuhi moja ya manyunyu, treni ilikuwa imeshapiga honi na Simiyu ameinua nyekundu, alipoona kikapu kikichomoza nyuma ya vibanda. Akapuliza filimbi kwa nguvu zake zote. Mama aliisikia, akajua ni ya nani, na badala ya kutazama reli akavuta leso zaidi na kugeuza uso upande mwingine. Akaikanyaga reli hivyo hivyo.

Simiyu alitupa bendera akakimbia. Alimkamata kiunoni kwa mikono miwili, mama mkwe wake, mbele ya umati mzima, wakaanguka pamoja matopeni huku treni ikisaga kikapu cha mrenda. Mama alipogundua aliyemshika ni nani, alilia, na si kwa sababu ya treni. Akajiinua, akajifunika, akaenda zake. Simiyu alibaki ameketi kwenye matope. Alifurahi kwamba mama yu hai, na aliona aibu mpaka akatamani ardhi immeze.

Juma hilo mama hakuonekana Kibuye, wala hakumfungulia Elsie mlango. Majirani walisema anafunga mizigo arudi Bungoma, na huko Bungoma hakuwa amebakiwa na mtu.

"Ulifanya vizuri," Elsie alimwambia mumewe akimpakulia ugali. "Lakini mama akienda kuzeekea peke yake kule, sijui nitamlaumu nani."

Simiyu hakuumaliza ugali ule.

Jumatatu honi ikalia, naye akainua nyekundu. Watu wakasimama nusu nusu kama kawaida yao, na mwendesha boda mmoja akaanza kupenya katikati. Mkono ukatokea kando ukashika usukani wa pikipiki. Alikuwa Nasipwondi, kikapu kipya kichwani, leso mabegani, uso wazi kabisa.

"Huoni bendera?"

"Mama, treni bado iko mbali."

"Hata kama. Huyo anayeishika ni mtoto wangu. Simama."

Kijana akazima injini. Na wengine wote, sijui kwa nini, wakarudi nyuma hatua moja. Simiyu aliinamisha macho kama adabu inavyotaka, akazikaza bendera zake. Machozi yalimtoka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia.