Mzee Randa Afungua Karakana Yake

Mzee Randa, fundi seremala, hakuwa mtu wa kuuguaugua. Lakini siku moja aliinama kuinua mlango wa mbao ngumu peke yake, kiuno kikamkamata, akashindwa kunyooka. Alibaki amepinda pale karakanani, jasho likimtiririka, akiutukana mlango, mteja aliyeuagiza na hata aliyeupanda mti wenyewe.

Binti yake, karani wa shule, ndiye aliyeishi naye tangu mama yake afariki. Hakutaka kusikia la mtu. Alimlaza kochini, akafunga karakana kwa kufuli, akatia ufunguo mkobani.

"Baba, umri umeenda. Pumzika."

"Nimechoka kupumzika!"

"Basi pumzika tena."

Wiki zikapita. Miguu ikalegea, usingizi ukaruka, mgongo ukazidi kukaza. Kilichomchemsha zaidi ni wageni. Walimpita yeye, wakamuuliza binti, "Anaendeleaje? Anakula?" kana kwamba mzee ni kuku mgonjwa.

"Niulizeni mimi!" alifoka. "Kilichoumia ni mgongo, si ulimi!"

Mwishowe walikwenda kliniki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mama mwenye mikono mizito, alimbonyezabonyeza, akamwinamisha, akamgeuza huku na huku.

"Nani alikwambia ulale tu?" akauliza.

Mzee alimkazia macho binti yake. Binti akatazama dari.

"Hakuna kilichovunjika," mama yule aliendelea. "Misuli ndiyo imelala. Tembea kila siku, kidogo kidogo, huku ukiongeza. Ukiinua kitu, kunja magoti, kishike karibu na tumbo. Kazini rudi polepole, ila mizigo mizito usiibebe peke yako."

Walipofika nyumbani tu, mzee alinyoosha mkono. "Ufunguo."

"Bado, Baba."

"Si umemsikia mwenyewe?"

"Nimemsikia. Na wewe nakujua. Kesho nitakukuta umelaliwa na kabati."

"Mimi si mtoto wako!"

Sauti ilifika hadi kwa majirani. Binti alilia, lakini ufunguo hakuutoa. Asubuhi akaondoka nao.

Mzee alikwenda kuukagua mlango wa karakana. Kisha akachukua bisibisi ya nyumbani. Kufuli hakuligusa, maana bawaba za mlango ule zilikuwa nje, na alikuwa amezifunga mwenyewe. Skrubu za chini alizitoa amekaa kwenye kigoda, za juu amesimama, akipumzika kila kiuno kilipolalamika. Alipomaliza alimwita jirani yake muuza mkaa, wakauegemeza mlango ukutani.

Binti aliporudi, alimkuta baba yake akiirefushia meza ya kazi miguu, asilazimike tena kuinama.

"Umevunja mlango!"

"Nimeufungua. Njoo ushike huku."

Alisimama mikono kiunoni, amevimba. Halafu akavua viatu vya kazini, akashika. Walimaliza meza yote pamoja.

Sasa mzee hutembea hadi sokoni na kurudi kabla jua halijakuwa kali. Mgongo humbana bado akikaa sana, naye huutukana, akainuka. Hutengeneza zaidi stuli na viti. Ikija kazi ya mlango, humngoja muuza mkaa. Ukimuuliza kama amemsamehe binti yake, atakwambia bado anafikiria.