Pima ya Bartholomeo

Bartholomeo Bujiku wa Didia ana mikono mirefu kuliko mahitaji yake. Akitaka kufunga kamba za viatu, hana haja ya kuinama sana. Mashati anashonesha Kahama, kwa sababu mafundi wa Segese wamechoka kuulizwa mikono iliishia wapi.

Kwa miaka kumi na mmoja ametunza ghala la Mama Samia hapa Segese: kamba, misumari, nondo, saruji, na magogo ya mkaratusi ya kushikilia kuta za maduara, yale mashimo ya dhahabu. Kamba pale inauzwa kwa pima. Bartholomeo anashika ncha, ananyoosha mikono yote miwili mpaka kifua kinapasuka, anasema moja. Anarudia, anasema mbili. Mteja anayekuja na futi yake anaulizwa kama amekuja kununua au kukagua.

Mimi nilikuwa mteja wake wa kudumu. Nilinunua kwake kwa pima, nikaenda machimboni nikauza kwa mita. Zaidi ya hapo sisemi.

Mwaka jana Mama Samia akaokota daftari la zamani, la wakati kamba ikipimwa na Valerian, ambaye siku hizi ni mpakiaji wa hapohapo ghalani. Bunda moja la kamba ni mita mia mbili. Mikononi mwa Valerian lilikuwa linatoa pima mia na kumi na moja. Mikononi mwa Bartholomeo linatoa tisini na saba.

"Baba Evelina," Mama Samia akamwambia Bartholomeo, "pima kumi na nne kila bunda zinakwenda wapi? Kamba haiyeyuki. Naleta kompyuta. Ikifika Jumamosi sijajua inakokwenda, utarudi Didia ukalime mpunga."

Bartholomeo hajawahi kuchukua hata msumari mmoja. Nasema kwa uhakika, maana nilishajaribu kumshawishi mara mbili.

Fundi wa kompyuta aliitwa Feisal, mtu wa Nyahanga, Kahama. Programu yake aliiunda kwanza kwa ajili ya duka la vyakula, na hakujisumbua sana kuibadilisha. Kila kitu cha ghalani kilipewa ukurasa wake, na kila ukurasa ulidai sifa: jina, kipimo, uzito, rangi, ladha, mwaka wa kuharibika. Ukiacha hata moja, ukurasa unakuwa mwekundu na kukataa kuhifadhi.

"Ladha ya msumari?" Bartholomeo akauliza.

"Andika chochote, mzee wangu."

"Chochote si sifa. Tayari naitwa mwizi, unataka niitwe na mwongo?"

Akachukua msumari wa inchi nne, akaulamba. Akafikiri. Akalamba na wa inchi tatu, kulinganisha. Kisha akaandika kwa kidole kimoja: chumvi kwa mbali. Nondo: kama msumari, ila haiishi haraka mdomoni. Gogo la mkaratusi: chungu, linazibua pua. Alipofika kwenye saruji, Valerian akasogea karibu ili aone vizuri.

"Lamba, Baba Evelina, usiogope. Ukigandia hapo tutakusimamisha mlangoni uwe nguzo."

"Ladha ya saruji unaijua wewe. Umeibeba miaka yote mdomo wazi. Sema."

Valerian akakiri kwamba inafanana na uji wa hospitali. Ikaandikwa hivyo. Kwenye mwaka wa kuharibika kwa nondo Bartholomeo akaandika siku ya kiama. Programu ikakataa, ikataka tarakimu. Wakabishana nusu saa kiama ni mwaka gani, Feisal kwa dini yake na Bartholomeo kwa yake, wakapatana 2099.

Jumamosi asubuhi ikabaki kamba tu. Nilikuwepo, nimefuata pima zangu ishirini. Mama Samia alikaa kwenye kiti, mkoba mapajani. Valerian alikuwa amevaa shati la kwendea kanisani, kama mtu anayesubiri kupandishwa cheo. Bartholomeo alikuwa ameshafunga mfuko wake wa nguo, uko pembeni ya mlango.

Programu ilijua kilo, lita, mita na trei ya mayai. Pima haikuijua.

"Tunaiongeza," Feisal akasema. "Pima moja ni mita ngapi?"

"Pima ni pima," akajibu Bartholomeo.

"Ya nani?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kuliuliza Segese nzima. Mimi jibu nilikuwa nalo. Nikaangalia dari.

Bartholomeo akanyoosha mikono. Feisal akaanza na futi yake kwenye kidole cha kushoto, akatembea, akatembea tena, akafika. "Mita mbili na sentimita sita." Akaiandika kwenye sifa za kamba, akabonyeza. Programu ikagawanya yenyewe: bunda moja, pima tisini na saba.

"Mpime na Valerian," Mama Samia akasema.

Valerian akasimama kwa vidole vya miguu, sijui alidhani itaongeza nini. Mita moja na sentimita themanini. Bunda moja, pima mia na kumi na moja.

"Yaya!" Bartholomeo akaruka, Kisukuma kikimtoka. "Kumbe sikuiba!"

"Wewe hukuiba. Mikono yako ndiyo imeniibia. Miaka kumi na mmoja inagawa kamba yangu, wewe umesimama katikati unaangalia!"

"Mama, nimezaliwa nayo."

"Najua. Na waliokuwa wanapokea walizaliwa na macho." Akanigeukia. "Mama Goodness, wewe ulijua."

"Mama Samia, nimewahi kulalamika hata siku moja? Mteja wa namna hiyo utampata wapi?"

Mama Samia akanipa kisogo. Akamwamuru Feisal aandike kwamba pima ya ghala hili, apime yeyote, ni mita moja na sentimita themanini. Halafu akamwambia Bartholomeo, "Kamba imekwenda kwa wateja, haikwenda kwako. Rudisha nguo zako ndani." Valerian akavua shati lake zuri, akaenda kupakia saruji.

Leo ukutani pale kuna misumari miwili, sakafuni mstari wa kuwazuia wateja, na Bartholomeo hupima kamba katikati yake, viwiko amevikunja kama kuku anayetaka kuruka akasita. Juzi nilimwambia kwa sauti ya chini, "Baba Evelina, nyoosha kidogo tu."

"Mama Goodness," akasema, "simama nyuma ya mstari."

Nikachukua pima kumi. Machimboni nikazipima mwenyewe: mita kumi na nane kamili, hata kidole kimoja cha heshima hakikuzidi.