Mama Springi Hainuki

Katika karakana ile ya makochi kulikuwa na sheria moja tu iliyoheshimiwa. Ile ya kutovuta sigara karibu na sponji ilivunjwa kila siku na mwenye karakana mwenyewe. Ile ya kufagia ilikuwa pambo la ukutani. Lakini hii haikuguswa: kochi halitoki mlangoni mpaka aliyelitengeneza alikalie mbele ya mteja. Anakaa, anaegemea, anahamia upande huu na ule, kisha anainuka na kusema, "Limeiva." Ndipo wapagazi wanaruhusiwa kulishika.

Sheria hiyo aliitunga Mama Springi, enzi karakana ilipokuwa na fundi mmoja, yaani yeye, na mwenye mali mmoja, yaani shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye mchango wake mkubwa ulikuwa kushika ufunguo wa mlango. Jina la Springi lilitokana na kazi. Yeye ndiye aliyefunga springi za ndani ya kochi kwa kamba, moja moja, akiivuta kila moja mpaka ikae kimo sawa na jirani yake. Kazi hiyo hufanywa umeinama, kichwa kimezama ndani ya fremu kama mtu aliyeangusha pete kisimani. Ukiinama hivyo miaka nenda miaka rudi, mgongo nao siku moja unaomba kuzungumza.

Wa kwake ulizungumza kwa kupiga kelele. Kisahani kile laini kinachokaa kati ya pingili za uti wa mgongo kilichomoka mahali pake, kikaulalia mshipa wa fahamu, na mguu wa kushoto ukawaka moto kutoka tako hadi kidole gumba. Wakampasua. Baadaye daktari aliinua picha kwenye mwanga, akaiangalia kwa mapenzi kama mtu anayeangalia picha yake ya harusi.

"Operesheni imefaulu," alisema.

Mama Springi, aliyekuwa amelala pale pale mbele yake akiwa hawezi kujigeuza, alitaka kuuliza kama na yeye amefaulu au ni operesheni peke yake. Daktari alikuwa ameshafika kitanda cha jirani.

Tuseme haki: moto wa mguu ulizimika. Kilichobaki ni kitu kama bisibisi, chini kabisa ya kiuno, kinachozungushwa polepole na mtu asiye na haraka. Akisimama, bisibisi inatulia. Akitembea, inasinzia. Akilala ubavu na mto katikati ya magoti, anaweza hata kusahau kwamba anao mgongo. Lakini akikaa, mwenye bisibisi anaanza kazi mara moja. Na kuinuka kutoka kwenye kiti ni safari. Mama wa mazoezi pale hospitali alimfundisha: jilaze ubavu, shusha miguu, sukuma kwa mikono, piga magoti, kisha simama. Asitoke wima moja kwa moja kama mtu aliyeitwa jina lake benki.

Mumewe alikuwa kinyozi, mtu mpole aliyesimama kutwa nzima nyuma ya vichwa vya watu akiwapa habari. Habari kuu ya msimu huo ilikuwa, "Mke wangu amepona kabisa." Aliisema kwa kila kichwa. Basi vichwa vile vikikutana na Mama Springi njiani vilimshangaa anavyotembea kama amemeza ufito.

"Si tulisikia umepona?"

"Na mimi nimesikia," alijibu.

Halafu dawa zikaanza. Mmoja alimwambia ajining'inize mlangoni. Mwingine alimshauri alale sakafuni, na wa tatu alimkataza sakafu kama sumu. Wifi yake alimletea mafuta yenye harufu ya betri ya gari, akampaka, kisha akamuuliza palepale, kabla hata ya kunawa mikono, kama maumivu yameisha. Alipoambiwa bado, wifi alinuna. Ndivyo walivyokuwa wote. Walimwonea huruma kwa muda wa kutosha, na sasa walihisi anawadhulumu kwa kutopona.

Aliporudi kazini aliikuta meza yake, nyundo yake, na mkasi wake ambao mtu alikuwa ameutumia kukatia waya. Hilo alilimeza. Akatafuta mapipa mawili matupu, akapandisha fremu juu yake, akafunga springi akiwa wima. Kazi ikaenda. Kamba zikavutika, mkono ukawa na nguvu, mgongo ukabaki kimya kama mgeni anayesubiri chai.

Shemeji akaja akasimama mlangoni. "Shemeji, haya mapipa vipi? Mteja akiingia akaona fremu juu ya mapipa atadhani tunaaga maiti."

"Aliyekufa ni mgongo wangu. Mwambie atoe pole apite."

Kesho yake mapipa hayakuwepo. Shemeji alikuwa amempa mtu wa kufuga bata.

Mama Springi akarudi chini. Akatandika sponji, akapiga goti moja, akafunga springi za kochi moja refu kwa kuegemea fremu kwa kiwiko, akitukana kimoyomoyo watu, bata na mapipa. Upande wa kulia aliufikia. Upande wa kushoto mkono ulifika lakini nguvu haikufika. Alijua. Alijiambia ataurudia, na hakuurudia, kwa sababu kuurudia kulitaka kuinama, na kuinama kulitaka mgongo wa mtu mwingine.

Kisha ikaja siku ya kukalia kazi yake ya kwanza tangu arudi, ile ya juu ya mapipa. Mteja alikuwa bwana na bibi waliooana juzi, bado wanashikana mikono. Mama Springi alikaa. Bisibisi ikaanza. Alipotaka kuinuka ilibidi ajilaze, ashuke, apige magoti, na katikati ya magoti ikamtoka sauti. Haikuwa kubwa. Lakini bibi harusi aliliangalia kochi kama ndilo lililomng'ata.

Wiki iliyofuata kulikuwa na msichana.

Alikuwa mpokea simu mpya, na Mama Springi alimwita Tabasamu kwa sababu hakuwa na kitu kingine usoni. Mteja alipofika, Shemeji alimpungia mkono, na Tabasamu akaja akalikalia kochi ambalo hakulipigilia hata msumari mmoja. Akaegemea. Akavuka miguu. Akainuka kama moshi, akasema, "Limeiva."

Mama Springi aliweka nyundo chini, maana hakujiamini akiwa nayo. Akamfuata Shemeji ofisini.

"Nani yule anayekalia kazi yangu?"

"Anakusaidia, Shemeji. Wewe mgonjwa."

"Juzi uliniambia nimepona."

"Umepona. Lakini bado mgonjwa." Shemeji alijikuna kidevu. "Elewa biashara. Mtengeneza makochi anayelia akiinuka kwenye kochi ni sawa na mpishi anayetapika. Nimefikiria, wewe uwe mshauri. Utakaa hapa ofisini."

"Nitakaa?"

"Ndiyo, utakaa tu. Nitakutafutia kiti kizuri."

Kumbe mtu anaweza kuishi nawe miaka yote hiyo, ale ubwabwa wako kila sikukuu, na asielewe neno moja la mwili wako.

"Na meza yangu?"

"Nitampa fundi mwingine." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwoga tu, akaongeza, "Tufanye hivi. Kesho kutwa hakimu mstaafu anakuja kuchukua lile kochi refu. Likalie, uinuke kama watu, bila kupiga magoti, bila sauti. Ukiweza, meza ni yako na Tabasamu abaki kwenye simu. Ukishindwa, uje ofisini tusigombane."

Kochi refu ndilo lile lililofungwa bila mapipa.

Nyumbani alimweleza mumewe. Kinyozi alishika tama. "Jikaze, mke wangu. Kuinuka mara moja tu."

"Unadhani mimi sijikazi? Hivi nikisimama hapa unadhani nimesimama kwa raha? Wewe ukichoka unakaa. Mimi nikichoka nikae wapi?"



Siku ikafika. Hakimu mstaafu alikuwa mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, na aliingia akitazama saa. "Nina wageni," alisema, mahali pa salamu. Pikapu ilikuwa nje, wapagazi wawili wameegemea ukuta, Tabasamu kwenye simu anajifanya hasikilizi.

Mama Springi akakaa. Akaegemea. Bisibisi ikaingia kwa furaha, kama mtu aliyekuwa ameikosa kazi. Akahamia upande wa kushoto, na hapo, chini ya kitambaa, chini ya sponji, akahisi kitu kikizama ambacho hakikupaswa kuzama. Hakimu alimuuliza kuhusu kitambaa, kinaoshwa vipi, kinapauka au hakipauki. Akajibu. Shemeji alisimama pembeni akitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Haya, Shemeji," alisema, "inuka tumpe mama kochi lake."

Akajaribu kama watu. Kiuno kilikataa katikati, hewa ikamwishia, na akarudi chini. Shemeji alishaanza kumpungia Tabasamu mkono.

Ule mkono ndio ulioharibu kila kitu. Mama Springi alivua ndala, akapandisha miguu, akajilaza ubavu kwenye kochi la hakimu, akavuta mto mmoja wa pambo akaubana kati ya magoti.

"Shemeji, inuka."

"Siinuki."

"Shemeji, mteja ana wageni."

"Karibuni wote. Nafasi ipo."

"Unaniaibisha."

"Bado sijaanza, bwana mdogo."

Shemeji akamgeukia Tabasamu. "Msaidie ainuke."

Tabasamu alisogea, akamtazama yule mwanamke, na lile tabasamu likamtoka kabisa. "Mimi simgusi," alisema. "Naona anaumwa."

Ajabu ya dunia, ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kuliona hilo.

Hakimu alitazama saa yake. Alikuwa amesikiliza kesi nyingi maishani na zote zilikuwa zimemchosha. "Mpakieni hivyo hivyo," aliwaambia wapagazi. "Kochi ni langu. Huyu mtajua wenyewe mkifika."

Wapagazi wakatazamana, wakainua. Mama Springi akatoka mlangoni miguu mbele, akapandishwa kwenye pikapu kwa heshima ambayo hakuipata hospitalini, na Shemeji akarukia nyuma akishikilia mkono wa kochi kama mfiwa.

Barabara ilipita mbele ya kibanda cha kunyolea cha mumewe. Kinyozi alikuwa nje na mashine mkononi, kichwa cha mteja kimenyolewa nusu. Alipoona ni nani anapita amelala, mashine iliendelea kunguruma peke yake.

"Mke wangu, unakwenda wapi?"

"Si umewaambia nimepona? Ninapitishwa wanione."

Yule wa kichwa nusu alicheka. Kinyozi hakucheka. Alizima mashine, akabaki amesimama barabarani mpaka pikapu ikapinda kona.

Baada ya kona lami iliisha, na mashimo yakaanza. Kila shimo lilipanda kwenye magurudumu, likaingia kwenye fremu, likafika kwenye springi, na springi zikamletea taarifa mgongoni. Kulia, taarifa zilikuwa nzuri. Kushoto, kitu kilizama, kikagonga mbao, kikazama tena. Mama Springi alikunja uso. Hasira aliyokuwa amemwekea Shemeji peke yake ilibidi aigawe, akajibakizia fungu lake.

Walipomteremsha kwenye sebule ya hakimu alishuka kwa namna yake. Ubavu, miguu chini, mikono, magoti, na sauti ikamtoka, na aliiacha itoke yote. Wageni watatu walioshika glasi za sharubati walisahau kunywa. Akasimama.

"Halijaiva," alisema.

Shemeji alidhani amesikia vibaya. "Shemeji, tafadhali."

"Upande wa kushoto kamba zimelegea. Kabla ya mwaka kuisha springi zitagonga mbao. Nimelifunga mwenyewe, vibaya, kwa magoti. Na mengine nimekatazwa kuyakalia, anayakalia mpokea simu. Lirudi."

Hakimu alikwenda akalikalia upande wa kushoto, akajitikisa kidogo. Uso wake haukubadilika. "Lirudi," alisema. Kisha akamtazama Shemeji kwa jicho la zamani la kazini. "Na yale mengine yaliyotoka baada ya huyu kukatazwa kukaa, nani aliyahisi?"

Ndani ya kichwa cha Shemeji yalipita makochi yote aliyoyapitisha Tabasamu, yamekaa kwenye sebule za watu, yanasubiri.

Njia ya kurudi Mama Springi alilala tena kwenye kochi lile lile. Kabla ya karakana aligonga dirisha la dereva.

"Simama kwa mfuga bata."

Shemeji ndiye aliyeyabeba mapipa, moja kila kwapa, yananuka bata. Hakuna aliyemsaidia.

Sasa fremu zinapanda juu ya mapipa na hakuna anayetaja maiti. Makochi ya Tabasamu yanarudi moja moja, na Mama Springi anayafungua akitukana, safari hii kwa sauti. Tabasamu yuko kwenye simu, na mara nyingine humshikia kamba. Kinyozi akiulizwa habari za mkewe husema, "Anaumwa, anafanya kazi," kisha anaendelea kunyoa. Mgongo uko vile vile. Bisibisi haijapotea, na hakuna aliyeahidi itapotea.

Na Shemeji? Mteja akiingia, humkuta amesimama kifua mbele. "Wengine huko mafundi wao wanakaa tu kidogo," anasema. "Hapa kwetu fundi analala kabisa. Nilibuni mwenyewe."

Mama Springi, amejilaza ubavu kwenye kochi jipya mbele ya mteja, anayasikia hayo kila mara, na kila mara damu inamchemka upya.

"Shemeji," anasema bila kugeuza kichwa.

"Naam, Shemeji."

"Mto."

Shemeji anakimbia kuuleta.