Jasho la Bati

Awinja alikuwa mwenye nyumba, na alipenda watu walijue hilo kabla hata ya salamu. Mumewe alimwachia ploti katika mtaa wa Shieywe: nyumba ya mbele alimoishi mwenyewe, na chumba cha nyuma alichompangisha Muhonja, fundi cherehani. Chumba hicho kilivuja. Kila Muhonja alipolalamika, Awinja alisimama mlangoni, akakagua paa kama daktari, kisha akatoa jibu lake la siku zote.

"Hiyo si kuvuja. Bati inatoanga jasho."

"Jasho, Mama? Na mvua inanyesha?"

"Ndiyo. Si iko kazini?"

Muhonja alisonya, wakabishana weee, halafu wakala ugali wao wa obusuma pamoja, maana tangu afiwe Awinja hakuweza kumeza tonge peke yake. Jambo moja tu lilimchekesha kwa mpangaji wake: kitanda alikiweka katikati ya chumba, kama kaunta ya duka.

Kisha miwa ikaanza kulipa. Wakulima wa Kabras wakaja mjini na pesa za mavuno, majirani wa Awinja wakauza ploti zao mmoja mmoja, na nyumba za udongo zikapisha za mawe. Madirisha yakavikwa mapazia mazito hata ikawa vigumu kujua jirani amepika nini. Hilo lilimuudhi Awinja kuliko mengine yote.

Asubuhi moja akaja Cleophas, mtu wa kanjo, baraza la mji.

"Mama, mtaa wenu sasa ni wa maana. Kodi imepanda, karibu mara mbili."

Sasa, mambo ya kanjo yote yalikuwa ya marehemu. Kodi aliyoijua Awinja ni ile ya Muhonja, inayoingia kila mwezi. Hakuwahi kufikiri kwamba neno hilohilo lina mlango wa kutokea. Akamshukuru Cleophas kwa mikono miwili, akamchinjia ingokho, kuku wa heshima. Maskini Cleophas alikula kwa mshangao. Kazi yake ilimzoesha kufukuzwa na mbwa.

Jioni Awinja alivaa uso wa huzuni, akaenda nyuma.

"Muhonja, kanjo imeongeza kodi mara mbili. Mimi sina la kufanya."

Muhonja alitazama paa, akamtazama na yeye. Kesho yake alipakia cherehani kwenye mkokoteni, akahamia Lubao.

Awinja hakujali. Watu wa miwa si wamejaa? Walikuja kweli, wakatazama juu, wakaaga kwa adabu. Mwisho wa mwezi akarudi Cleophas, ametabasamu kama mtu anayekumbuka mchuzi.

"Nimefuata ile kodi, Mama."

"Hata mimi naingojea," alisema Awinja.

Cleophas alieleza polepole, kwa huruma: kodi ya ardhi, anayelipa ni mwenye ploti, na asipolipa ploti hupigwa mnada. Awinja alikaa chini palepale uani. Pale ndipo alipoolewa, na pale ndipo alipomlilia mumewe, angekwenda wapi?

Mkulima mmoja wa Kabras, Masinde, alitaka kupanga nyumba ya mbele. Akapewa. Kodi yake ilitosha kuituliza kanjo, na ploti ikapona. Awinja akahamia nyuma.

Mvua ya saa tisa ilimkuta akisonga obusuma. Tone likaanguka shingoni, jingine kitandani. Akakivuta kitanda huku na huku, bati likimfuata, mpaka alipoziona alama nne sakafuni, katikati ya chumba, palipochimbika kwa miguu ya kitanda cha Muhonja. Akakisukuma hapo. Hapakuwa na tone hata moja. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Muhonja, ameleta nguo za mteja mtaani akanaswa na mvua.

"Muhonja," alisema Awinja, bila hata kumsalimu, "ilikuwa inavuja."

"Hapana, Mama. Ni jasho."

Awinja alicheka, kisha kicheko kikageuka kilio. "Sijala vizuri tangu uende. Rudi, tutabanana."

Muhonja alitazama paa. "Na kodi ni ngapi?"

Awinja akamshika mkono, akamvuta ndani.

"Usilitaje hilo neno humu ndani," alisema. "Sogea hapa katikati, utalowa."