Wifi Yangu Alipochimba Okidi

Tulikuwa wanawake wanne ndani ya gari dogo. Nilikuwepo mimi, nimekaa mbele kwa ajili ya magoti yangu. Nyuma yangu alikaa wifi yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi cherehani wa Joubert Park, ambaye hajanyamaza tangu tulipohama Lubumbashi kuja hapa, miaka mingi iliyopita. Pembeni yake mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, anayesomea mimea chuoni Braamfontein. Na mwenye usukani alikuwa mwalimu wake, mama wa Kikenya. Majina yao nayakumbuka yote, hata ya ubatizo, lakini mjukuu kanikataza kuyaandika. Anasema watu wana aibu zao. Aibu ya wifi yangu nimeitafuta miaka mingi, sijaiona.

Mjukuu alikuwa anatafuta okidi ya ardhini, ua la porini linaloota kwenye udongo, katikati ya nyasi. Jina lake la kisayansi ni refu kama treni ya mizigo. Zamani liliwahi kuonekana kwenye mlima mmoja wa mawe nje ya jiji, kisha likapotea. Huchanua majuma machache tu katika majira ya mvua. Mvua za mwaka uliopita alilitafuta, akarudi na kupe. Safari hii mwalimu alikwisha kumwambia: usipolipata, utabadilisha somo na kuanza upya. Mtoto akawa halali vizuri, na chakula anakichokonoa tu.

Sisi wazee tulichukuliwa kwa sababu moja. Kwetu Katanga, okidi za namna hiyo tunazila. Viazi vyake tunaviita kikanda. Unavikausha, unavitwanga, unapika na unga wa karanga na pilipili mpaka vinashikana, unakata kwa kisu. Mjukuu akamwambia mwalimu kwamba bibi zake wamechimba okidi tangu utotoni, macho yao yamezoea. Mwalimu akacheka, akakubali. Lakini tukiwa bado kwenye maroboti ya mjini, yaani taa za barabarani, tukapewa sheria.

“Gogo, hapa hatuchimbi,” alisema mjukuu. Gogo ndivyo watoto wa hapa wanavyoita bibi. “Mkiona kitu, simameni, mniite. Mikono nyuma.”

“Mikono nyuma kama wafungwa,” wifi akasema. “Na njaa ikituuma?”

“Wali upo kwenye sufuria, bibi.”

“Wali nimeuona. Nauliza mboga.”

Kufika tu, mimi nikashika njia ya bondeni, maana kikanda chetu hukaa penye maji. Mwalimu akanifuata mbio, akiniita bibi kwa namna ya kwao Kenya. “Shosho, si huko. Hii yetu inakaa juu, kwenye mawe.”

“Basi haikulelewa vizuri,” nikamjibu, nikageuka na fimbo yangu.

Tulitafuta asubuhi nzima. Nyasi zilitufika kiunoni. Nilimwita mjukuu mara nyingi, na kila mara akaja akikimbia, akainama, akasema kwa adabu kwamba hili si lenyewe, Gogo. Mara moja lilikuwa karatasi ya peremende. Wifi alicheka mpaka akakaa chini.

Mchana tukafungua sufuria, kijiko cha kupakulia hakipo. Na wifi hayupo. Tukapakua kwa mfuniko. Tulikuwa katikati ya kula alipotokea juu, anateremka taratibu kama bi harusi, kijiko mkono mmoja, na mkono wa pili ua jeupe linaloelekea upinki, lina madoadoa ya zambarau. Chini yake vilining'inia viazi viwili vyenye udongo.

“Kikanda chenu hiki hapa,” alisema. “Lakini kimekonda. Hakitoshi hata mtu mmoja.”

Mjukuu alisimama, wali bado mdomoni. Mwalimu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Lilikuwa lenyewe.

“Umelitoa wapi, bibi?” Sauti ya mtoto ilikuwa ndogo sana.

“Mlimani.”

“Wapi mlimani?”

“Pale penye jiwe.”

Mlima ule wote ni mawe.

Nimtetee kidogo wifi yangu. Mkono uliokulia Katanga haukiulizi kichwa ruhusa ukiona jani lile. Na kwa desturi, ukishachimba unavunja kiazi kigumu kipya, kile kilicholegea unakirudisha shimoni. Yeye hakuvunja. “Nilitaka wewe uone kwanza,” aliniambia, “la sivyo ungebisha kwamba si kikanda.” Ni kweli, ningebisha.

Mwalimu hakupandisha sauti. Alisema mmea urudi leo hii katika shimo lake lenyewe, kabla mizizi haijakauka. Wakaulowanisha, wakaufunga katika kitambaa cha kichwa cha wifi, naye akalalamika kwamba ni cha kanisani. Kisha sote wanne tukapiga magoti kutafuta shimo. Kwenye kila jiwe wifi aliapa, “Ni hapa.” Halikuwa hapo.

Mjukuu ndiye aliyelipata. Nilimwona amejiinamia, hasogei, kiganja mdomoni. Nikadhani analia kwa sababu ya shimo. Nikatambaa mpaka pale. Pembeni ya alama ya kijiko, chini kabisa katikati ya nyasi, okidi nyingine ilikuwa imechanua, na nyuma yake nyingine, na nyingine bado imefumba. Katikati ya okidi hizo kulikuwa na kitobo cha fimbo yangu. Asubuhi nilipita hapohapo, wima, nikimsimulia mwalimu jinsi macho yangu yalivyozoea.

Mtoto alikaa chini, akalia vizuri, kisha akapiga picha. Mmea wa wifi tukaurudisha shimoni, mwenyewe akaushindilia udongo kwa vidole na kuumwagilia maji ya kunywa.

“Nisingechimba, mngeziona?” aliuliza kwenye gari.

“Tutaandika yote,” mwalimu akajibu. “Hata kijiko.”

Mjukuu akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu mvua za mwaka uliotangulia. Somo lake hakubadilisha. Siku hiyo alikula wali wote uliobaki, na ukoko wake.

Hivyo ndivyo ninavyokumbuka. Wifi anadai zilikuwa okidi tano, na kwamba mimi ndiye niliyempa kijiko. Mnaojua vinginevyo nisahihisheni, sitakasirika. Yeye tu asinisahihishe.