Okei ya Msemaji

Mimi niliishia darasa la nne, na mashine ya kusaga pale Rulenge ni yangu, na Fuso mbili zinazobeba ndizi ni zangu. Sikuzipata kwa Kiingereza. Kwa hiyo asije mtu kuniambia "okei" ni neno.

Nimelisikiliza sana. Fundi ukimuuliza paa litakwisha Ijumaa, anajibu okei, maana yake hatakuja. Karani anasema okei macho yakiwa kwenye simu, maana yake ondoka. Dereva wangu nikimgombeza, okei. Hilo ni tusi, ila hana ujasiri wa kulitoa lote. Wavivu wamepata neno moja la kuwafanyia kazi zote.

Sasa wakaja kumposa binti yangu mkubwa. Mvulana ni mkulima wa Nyabusozi, sikuwa na shida naye. Shida ilikuwa msemaji wao, baba yake mdogo, mtu wa mjini, tai shingoni kama anakwenda kuapishwa. Kwetu Kanazi mtungi wa rubisi, pombe yetu ya ndizi, ukishawekwa katikati, hakuna anayegusa mrija mpaka msemaji wa wageni atamke mbele ya wote wamekuja kutafuta nini.

"Karibuni. Mmefuata nini?"

"Okei, mzee, nadhani sote tunafahamu."

"Mimi sifahamu. Darasa la nne."

Mashangazi wakacheka.

"Basi okei," akasema, akainama, akashika mrija.

Nikautoa mkono wake. Nikaagiza mtungi urudishwe ndani. Ukiingia ndani, posa imekufa, na binti yangu alikuwa nyuma ya mlango, nilimsikia akiguna.

"Aa, mkwe, okei, samahani, okei..."

"Mkwe wa nani? Na hizo okei zinaomba nini? Mke, au maji ya kunywa?"

Hapo mvulana, ambaye siku hiyo haruhusiwi kusema, akasimama jasho likimtiririka.

"Shikamoo baba. Nimekuja kumuomba binti yako awe mke wangu. Ukininyima leo, nitarudi kesho."

"Marahaba."

Kavunja mila? Kavunja. Lakini kasema, na nyumba yote ilimsikia. Mtungi ulikuwa umefika kizingitini. Nikaurudisha, na mrija wa kwanza nikampa yeye.

Baba yake mdogo alikunywa wa mwisho. Nikamuuliza rubisi yangu ikoje. Akafungua kinywa, akanitazama, akameza kitu.

"Ni tamu, mzee," akasema. "Tamu sana."